Sababu ya Kumfuga Kobe

Rujewa,
12 Januari 1976

Dada Severina,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tungekuwa wazima wote kama si mbu, na mbu wa Usangu wewe huwajui, hata ng'ombe wanawakimbia. Mihayo anakusalimu. Mama naye anakusalimu, ingawa nilipomwambia nakuandikia alinyamaza kwanza.

Macho ya Mama yamekwisha. Anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Tangu nyumba ya Idodi ibomolewe na watu wahamishiwe kijiji kipya, vitu alivyobaki navyo ni vitatu: rozari, blanketi la Baba, na yule kobe wa Baba, Bwana Shauri. Nadhani unakumbuka Baba alimwita hivyo kwa kuwa anakwenda polepole, hajibu akiulizwa, na kila mtu lazima ampishe. Mama alimpakata kwenye lori toka Idodi mpaka hapa, akikataa mtu mwingine amshike. Kila jioni kobe anakuja kujikwaruza gamba ukutani, nje ya chumba cha Mama. Mama akisikia ile sauti anasema, "Haya, amefika," ndipo anakubali chakula.

Sasa shida. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Sedekia, amerudi mkutanoni wilayani na habari kwamba kuna sheria. Mnyama wa porini anayefugwa nyumbani lazima awe na kibali cha maandishi na alama mwilini. Asiye na kibali, mnyama anachukuliwa na mwenye nyumba anashtakiwa. Ametupa mpaka mwisho wa Mei. Alisema hayo uani kwa sauti yake ile ya mkutanoni, na Mama akasikia kila neno. Sasa anashinda na kobe miguuni pake, hata Paskalina, mke wa katekista, akija kumsomea Injili hategi sikio. Ananiuliza mimi, "Wakija kumchukua watapitia mlango gani?"

Dada, wewe unapiga taipu ofisi ya wanyamapori, kwa Bwana Nyama hapo Mbeya. Tusaidie. Mama akinyang'anywa huyu kobe, hatutakuwa naye mwaka huu wote.

Mdogo wako,
Leokadia


Mbeya,
21 Januari 1976

Mdogo wangu Leokadia,

Milele amina. Nimefurahi kusikia Mama amenisalimu baada ya kunyamaza kwanza. Kwangu amekuwa hivyo tangu zamani.

Ni kweli, barua zote za vibali hupita mikononi mwangu. Bwana Nyama wetu, Bwana Eliezeri, husaini kinachowekwa mezani pake, na anayeweka ni mimi. Kwa hiyo umebisha hodi mahali penyewe. Naambatanisha fomu. Ijazwe kwa jina la Mihayo kama mkuu wa kaya, kwa wino, nakala tatu. Iwe na barua ya mwenyekiti yenye mhuri. Uandikwe urefu, upana na uzito wa kobe kwa kilo, si kwa kukisia. Na zinatakiwa picha mbili za kobe, uso uonekane.

Najua ni usumbufu. Ingekuwa kobe yuko Mbeya, chini ya paa langu, kibali kingetoka siku moja. Unajua nina vyumba viwili hapa Mwanjelwa. Kimoja nilikipaka chokaa, nikaweka kitanda na chandarua, tangu siku niliposikia nyumba ya Idodi inabomolewa. Nikaenda stendi kumpokea Mama. Nilisimama pale siku mbili kabla mtu hajaniambia kwamba ameteremka Igawa, amekwenda kwako, kwa mkwe Msukuma ambaye Mama mwenyewe alilia wiki nzima ulipotoroka naye. Chandarua bado kipo. Sijakitumia.

Unaniambia kobe alipakatwa njia nzima. Sishangai. Siku niliyoondoka Idodi kwenda shule ya bweni, nikiwa na miaka kumi na miwili na sanduku la bati kichwani, ni Baba peke yake aliyenifikisha barabarani. Mama alibaki nyuma ya nyumba na kobe. Nilimwona kwa macho yangu, ameinama, amenipa mgongo.

Basi fikirini juu ya Mbeya.

Dada yako,
Severina


Rujewa,
14 Februari 1976

Dada Severina,

Kila ulichoagiza tumekifanya, na kama ungetuona ungecheka mpaka ukae chini. Mihayo alimpeleka kobe Igawa kwa mpiga picha wa barabarani, ndani ya kikapu, juu ya baiskeli. Mpiga picha akatandika kitambaa cha maua, akamweka kobe juu ya stuli. Kobe akarudisha kichwa ndani. Wakamsubiri tangu saa tatu hadi saa sita. Abiria wa mabasi mawili waliteremka kutazama, wengine wakimwambia Mihayo ampigie magoti. Mwishowe mama muuza nyanya akaleta nyanya iliyopasuka, ndipo Bwana Shauri akatoa shingo. Picha moja ina uso. Ya pili ina uso nusu na nyanya nzima.

Tulimpima uzito kwenye mizani ya mashine ya mpunga. Kilo nane na nusu. Wapakiaji wakauliza kama tunamkoboa.

Kuna nafasi ya saba kwenye fomu, "Sababu ya kumfuga." Mimi sababu siijui, maana nilizaliwa nikamkuta. Nikamuuliza Mama. Akasema, "Hiyo si ya kumwambia karani." Nikamwambia, Mama, karani mwenyewe ni Severina. Akageuza uso ukutani. Basi nimeandika "Mapenzi." Kama si neno la serikali utanisahihisha.

Kuhusu Mbeya nilimuuliza pia. Amesema huku anasikia ng'ombe wakirudi jioni, na kobe amekwishauzoea ukuta. Dada, usilichukue vibaya. Ni mzee.

Leokadia


Kumb. Na. VB/K/14
Mbeya,
24 Februari 1976

Ndugu Mihayo Nkuba,
k.k. Mwenyekiti wa Kijiji,
RUJEWA.

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUFUGA KOBE MMOJA (1)

Tafadhali husika na somo hapo juu.

Fomu yako ya tarehe 14/2/1976 imepokelewa na inarudishwa kwako kwa sababu zifuatazo:

(a) Picha ya pili haionyeshi uso wa mnyama.
(b) Katika nafasi ya 7 umeandika "Mapenzi." Hiyo si sababu. Andika sababu inayotosheleza.
(c) Mnyama hana alama. Unatakiwa kuhakikisha anawekewa alama ya kudumu, isiyofutika, juu ya gamba, kabla ya tarehe 31/3/1976.

Ukishindwa kutimiza hayo, maombi yatafutwa na hatua za kisheria zitafuata.

S. Kalinga
kny. BWANA NYAMA

(Kwa kalamu, chini:) Leokadia, usinune, kazi ni kazi. Chumba bado kipo. S.


Rujewa,
5 Machi 1976

Dada yangu,

Barua ya serikali imefika. Mihayo aliishika kwa mikono miwili. Picha nyingine tutapiga. Sababu nitamwomba tena Mama.

Ninachokuandikia ni hiyo alama. Ni alama ya namna gani? Ni rangi? Ni kibati cha kufunga? Anaiweka nani? Mzee Sedekia hajui, anasema serikali ikisema alama ni alama. Mihayo anasema kwao alama ya kudumu ni moja tu, ile ya ng'ombe, chuma cha moto. Kila nyumba ya Kisukuma ina chapa yake, na ng'ombe akipotea hadi Singida atajulikana ni wa nani. Anasema gamba ni kama pembe au kwato, halisikii kitu.

Mimi moyo wangu unakataa. Ng'ombe anachomwa paja, ana nyama na ngozi ya kupona. Huyu nyumba yake ndiyo mwili wake. Nimewahi kumgusa mgongoni kwa kijiti akageuka kunitazama.

Mihayo anaogopa tarehe. Hajawahi kuitwa mahakamani maisha yake yote. Niandikie neno moja tu, chuma ndiyo au chuma siyo. Nimemwambia asishike kitu mpaka nipate jibu lako.

Leokadia


Mbeya,
22 Machi 1976

Leokadia,

Mimi ni karani, si mchungaji. Mume wako amekulia zizini, halafu mnaniuliza mimi habari za alama? Sheria imesema ya kudumu, isiyofutika. Yeye anajua kitu cha kudumu ni kipi.

Tarehe thelathini na moja haisogei.

Severina


Rujewa,
4 Aprili 1976

Dada Severina,

Barua yako ilifika tarehe 28, na kesho yake Mihayo alifanya kazi.

Nataka ujue hakufanya kwa ukatili. Alioga kwanza. Alichukua chuma cha nyumba ya Nkuba, kile alichopewa na baba yake walipohama kutoka kaskazini na ng'ombe wao, akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa. Akaniambia, "Nampa chapa ileile ya ng'ombe wangu wa mahari, asiseme mtu kwamba ni mgeni hapa." Mama tulimwambia ni mhuri. Mihayo alimshika kobe kwa magoti, akaweka chuma katikati ya mgongo, akahesabu hadi kumi kama kwa dume, maana gamba ni gumu.

Harufu ilikuwa ya kucha zinazoungua. Moshi ukapanda. Na mimi na wewe tumekua na kobe huyu, tunajua kwamba hana sauti zaidi ya kule kufoka kwake akiudhika. Dada, alitoa sauti. Ilitoka mara moja tu, nyembamba, na miguu yote minne ikapiga hewani. Mihayo aliangusha chuma. Mama alitoka chumbani bila fimbo, akatembea moja kwa moja hadi pale tulipokuwa, akisema, "Nani huyo? Nani mnamfanya nini?"

Leo ni siku ya sita. Hajatoa kichwa. Chapa imepasuka katikati na inatoa maji, na inzi nimeshindwa kuwafukuza. Mihayo anamwosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, hata ng'ombe wake hawaangalii. Mama anakaa upande wa ukuta akisubiri kile kikwaruzo, hakiji, na chakula kinapoa.

Nakusihi muulize Bwana Nyama kuna dawa gani. Muulize leo hii. Nipigie hata simu ya maandishi kupitia posta ya Igawa.

Leokadia


Rujewa,
20 Aprili 1976

Dada,

Ile ya tarehe 4 hukunijibu. Labda ilipotea njiani.

Bwana Shauri alikufa tarehe 11, Jumapili ya Matawi, mimi na Mama tukiwa kanisani. Mihayo alimzika nyuma ya zizi kabla Mama hajarudi. Nilikaa chini nikajiuliza, mwanamke ambaye ameacha nyumba, shamba na kaburi la mumewe Idodi, nitamwambia nini? Sikuweza. Nikamtuma Mihayo Igawa. Kule vijana wachunga mbuzi huwa wanaokota kobe na kuwaonyesha wasafiri. Akarudi na mmoja wa umbo lilelile.

Sasa sikia tulichofanya, na unihurumie. Mama anamjua kobe wake kwa vidole. Kuna kile kibonde upande wa kushoto wa gamba, pale Baba alipomgonga kwa jembe kwa bahati mbaya. Mihayo alichukua patasi akachonga kibonde. Kisha akawasha moto tena, akamchoma chapa tena, huyu wa pili, maana Mama alikwisha kuigusa ile ya kwanza. Safari hii hakuhesabu hadi kumi. Alipomaliza akaenda kutapika nyuma ya banda.

Nikamweka mapajani kwa Mama. Akampapasa mgongo wote, akafika kwenye kibonde, akakaa napo kidogo. Akasema, "Ameungua vibaya." Halafu akaomba ugali. Alikula wote.

Hakuna anayejua isipokuwa mimi, Mihayo na sasa wewe. Nimekuandikia kwa sababu siwezi kuubeba mzigo huu peke yangu, na nani mwingine nimwambie? Usimwambie Mama. Nakuomba kwa ziwa moja tulilonyonya.

Leokadia


Mbeya,
28 Aprili 1976

Leokadia,

Barua yako ya tarehe 4 haikupotea. Niliisoma.

Pole kwa kobe. Sasa tuzungumze kama watu wazima. Mama yangu analishwa uongo asubuhi na jioni, ndani ya nyumba ambayo mnasema ndiyo anayoipenda. Mmemfanya mjinga kwa sababu haoni. Unaniomba nami niingie humo, nichukue zamu yangu ya kumdanganya, kwa ziwa tulilonyonya. Wewe ulinyonya miaka mitatu, Leokadia. Mimi niliachishwa mapema, Baba aliniambia.

Huyo kobe ndiye aliyekuwa kisingizio cha Mama kukaa huko. Kisingizio kimezikwa nyuma ya zizi. Basi mpandishe Mama basi aje Mbeya kabla ya tarehe 15 Mei. Mwambie hapa kibali kinapatikana upesi, aje na huyo wenu wa kuchonga. Akishafika kwangu nitanyamaza mpaka kufa kwangu, na fomu yenu nitaifuta isionekane tena.

Asipofika, nitamwandikia mwenyewe. Ulinieleza kwamba Paskalina wa katekista anamsomea Injili. Na barua atamsomea.

Severina


Rujewa,
9 Mei 1976

Shemeji Severina,

Mimi si mtu wa kalamu, kwa hiyo hii itakuwa fupi.

Mke wangu alinionyesha barua yako. Tarehe 5 nilipanda basi nikaja ofisini kwenu. Nilikukosa, waliniambia umekwenda benki. Bwana Eliezeri alinipa kiti. Nilitaka kumuuliza kama nitafungwa.

Alinionyesha tupa, ndogo kama ile ya kunolea msumeno. Anasema kobe hukatwa vijino vitatu pembeni mwa gamba, kama mtu anayepunguza ukucha, na mnyama anaendelea kula majani. Kazi hiyo hufanya mwenyewe. Husafiri na tupa yake mpaka kwa mwenye mnyama, bila malipo. Picha hazitakiwi, alicheka nilipozitoa. Kisha akafungua kabati lililo karibu na mashine yako ya taipu, akatoa karatasi yenye mchoro wa kobe na maelezo yote kwa Kiswahili. Zimo nyingi. Alisema kila anayeomba kibali hutumiwa moja pamoja na fomu. Nikauliza nani anazituma. Akasema wewe.

Nikamweleza yote. Hakucheka tena.

Mkono uliochoma ni wangu, hilo sikatai, nitaulizwa na Mungu. Lakini nimechunga ng'ombe miaka thelathini na sijawahi kumtia mnyama moto nikijua kwamba kuna njia nyingine. Leokadia alikuuliza, ndiyo au siyo. Wewe ulikuwa umekaa mkono mmoja tu kutoka kwenye jibu.

Mama hatakuja. Chuma cha baba yangu nimekitupa mtoni.

Mihayo Nkuba


Mbeya,
16 Mei 1976

Kwa Mama yangu, Apolonia Kalinga,

Paskalina, tafadhali msomee mpaka mwisho, hata kama Leokadia atakukataza.

Mama, kobe aliye miguuni pako si Bwana Shauri. Bwana Shauri alikufa Jumapili ya Matawi kwa kuchomwa chuma cha ng'ombe. Huyo ni wa kuokota Igawa. Kibonde alichongwa kwa patasi, chapa akapigwa upya, ili vidole vyako vidanganyike. Hayo yamefanywa na watoto uliowachagua.

Na langu nitalisema, maana Bwana Eliezeri amekwishaninyang'anya funguo za kabati na mwezi ujao nahamishiwa chumba cha mafaili, kwa hiyo hakuna cha kuficha. Karatasi ya maelezo nilikuwa nayo. Sikuituma. Picha niliziongeza mwenyewe, kwa sababu nilitaka wahangaike. Nilitaka wachoke na wewe na kobe wako, wawalete kwangu. Leokadia aliponiuliza habari za chuma, niliielewa barua yake vizuri kabisa. Nilikaa nayo siku tano kabla ya kujibu. Sikutaka afe. Au labda nilitaka, sijui. Ile barua iliyosema kwamba alitoa sauti niliisoma mara mbili.

Miaka yote nimekuwa naona wivu juu ya mnyama asiyejua hata jina lake. Ulimtafutia majani ya maboga wakati wa kiangazi. Ulimpakata toka Idodi hadi Rujewa, ukapita mbali na mlango wangu wenye kitanda kilichotandikwa. Siku niliyokwenda shule ulibaki naye, ukaniacha niende bila hata kunipungia mkono. Nimekuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja na bado namwona mtoto yule wa sanduku la bati anageuka kutazama.

Niambie kitu kimoja tu, Mama. Alikuwa na nini yule kobe?

Binti yako,
Severina


Rujewa,
30 Mei 1976

Severina,

Paskalina amesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Alilia, mimi nikamsubiri amalize. Sasa anaandika ninavyosema.

Umenipa habari ya zamani. Huyu wa pili nilimjua jioni ileile. Kibonde cha kobe wangu kilikuwa laini, nimekilainisha kwa kidole gumba miaka ishirini na nane, na hiki kilinikwaruza. Lakini Leokadia alikuwa amesimama mlangoni amezuia pumzi, namsikia, na Mihayo nje anatapika. Nikasema kama wamefika huku kwa ajili yangu, nifanye nini? Nikaomba ugali. Nilikula uongo wao ukashuka vizuri. Wewe umeniletea ukweli, nao umenikaa hapa kooni.

Huyo wa pili nimemwachia. Mihayo alinishika mkono mpaka mwisho wa mashamba ya mpunga, tukamweka kwenye majani, akaondoka. Mzee Sedekia nimemwambia aje akague, hakuna mnyama hapa wa kuombewa kibali.

Mlirudisha fomu mkasema nafasi ya saba haijatosheleza. Leokadia aliniuliza sababu nikamkatalia. Nilisema si ya kumwambia karani, nikageuka ukutani. Nilikuwa naiweka ya kukwambia wewe, siku utakapokuja kunitazama, nimekushika mkono. Hukuja. Kutoka Mbeya hadi hapa ni basi moja, Severina. Ulisimama stendi siku mbili kunisubiri mimi, lakini kupanda hukupanda.

Basi andika. Ulipokuwa na miaka mitatu ulikuwa hujasimama. Miguu yako ilikuwa kama ya nguo. Mama mkwe wangu alisema nisikuhangaikie, nizae mwingine. Nilikuachisha ziwa mapema kwa sababu ugonjwa uliniingia na mimi, maziwa yakakauka, si kwamba nilikunyima. Baba yako akaenda upande wa mto Ruaha akarudi na kobe, tayari mkubwa. Akamweka mbele yako uani. Ukamfuata kwa magoti. Ukamfuata mwezi mzima. Siku moja ukaweka mikono miwili juu ya gamba lake ukainuka, naye akasimama kabisa, hakusogea mpaka ulipotulia. Ukianguka alikuwa anangoja. Mvua zilipoanza ulikuwa unatembea, mkono mmoja mgongoni kwake.

Kile kibonde si cha jembe. Ulimgonga wewe kwa mchi, siku alipokataa kwenda ulikotaka. Baba yako akasema ni jembe lake, bibi yako asikuchape.

Na siku ya sanduku. Sikuja barabarani kwa sababu kobe alikuwa anakufuata. Alikwishatoka uani, amefika kwenye njia ya barabara kuu, na malori yanapita. Nikamkamata nikamrudisha nyuma ya nyumba, nikamshikilia kwa mikono yote, anasukuma kwa miguu kuelekea ulikokwenda. Ndipo ulipogeuka ukaniona nimekupa mgongo. Baadaye nilipotoka ulikuwa umekwenda. Kila jioni baada ya hapo akawa anakwaruza ukuta wa chumba ulichokuwa unalala. Nikahamia mimi chumba hicho. Nilipokuwa nasema "Haya, amefika," nilikuwa simsemi kobe.

Nilimpakata toka Idodi kwa kuwa kwenye nyumba ile ndiye aliyekuwa amebaki wa kwako. Kuja kwako niliogopa. Nilijua umenikasirikia, sikujua ni kwa nini, nikasema nitakwenda nikiitwa kwa upole.

Fomu hii Leokadia ameikunja ndani ya bahasha. Neno lake kwenye nafasi ya saba amelikata, iko wazi. Wewe ndiye uliyesomeshwa, jaza. Ukimaliza ipige mhuri uiweke kwenye kabati pamoja na karatasi zile zenye mchoro.

Chumba chako mpangishe mtu. Na usinijibu. Paskalina nimemwambia, barua yako ikija, asinisomee.

(Alama ya dole gumba)
Apolonia Kalinga

Mimi niliyeandika, Paskalina, sikuongeza neno wala kupunguza.